Waitaliano walipokuwa maskini: bibi Cesira anasimulia

Malindi, Mwitaliano ni mtu mwenye pesa. Ndiye mwenye nyumba ya makuti iliyozungushiwa ukuta, ndiye mwenye mgahawa wa piza, ndiye anayesubiriwa na muuza vinyago, na vijana wa ufukweni wamejifunza lugha yake bila kukanyaga darasa. Mazoea hayo yana zaidi ya nusu karne. Mwaka 1967 Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa mji. Baada ya wanasayansi wakaja watalii, na baada ya watalii wakaja wazee wenye pensheni zao, wakitafuta jua. Mtoto wa Malindi ukimwonyesha mlango wa mkahawa wa Ulaya wenye tangazo linalowazuia kuingia mbwa na Waitaliano, kwa mpangilio huohuo, mbwa kwanza, atajua unamtania.

Tangazo hilo ndilo jina la filamu: Interdit aux chiens et aux Italiens, yaani marufuku mbwa na Waitaliano. Imetengenezwa na Mfaransa Alain Ughetto, mjukuu wa wahamiaji kutoka Italia, na msimulizi wake ni bibi yake mzaa baba, Cesira. Ni filamu ya vikaragosi, au katuni kama wengi wetu tungesema. Mwaka 2022 ilipata Tuzo ya Majaji kwenye tamasha la Annecy, ambalo kwa watu wa fani hii ndiyo Makka yao, na Desemba mwaka huohuo ikatangazwa filamu bora ya katuni barani Ulaya. Ina dakika 70. Kwa mtu aliyelelewa na sinema za Kihindi, dakika 70 ni muda wa kufika mapumziko tu, lakini ndani yake wamepita watu wa vizazi vitatu, vita viwili vya dunia, mafua yaliyoua mamilioni na milima iliyovukwa kwa miguu.

Mpango wake ni mwepesi kueleza. Mjukuu anauliza, bibi anajibu. Mlitoka wapi? Mlikula nini? Babu alikuwa mtu wa namna gani? Cesira, kikaragosi kifupi kuliko rula ya mwanafunzi, anamjibu mjukuu wake ambaye hatumwoni uso. Tunasikia sauti yake, na tunauona mkono wake, mkono halisi wa mtu mzima, mkubwa kama nyumba ukilinganisha na bibi huyo. Unaingia kwenye picha, unapokea kitu, unatoa kitu, unarekebisha.

Mazungumzo hayo hayakufanyika kamwe. Luigi, babu, alikuwa amekwisha kufa Alain alipozaliwa, na Cesira alifariki Alain angali mtoto, katika umri ambao mtu humwendea bibi yake kutafuta chakula, si historia. Alichobaki nacho ni neno la baba yake: kwamba kule Italia kuna kijiji kiitwacho Ughettera, ambako watu wote wanabeba jina la ukoo wao. Alipokwisha kuwa mzee naye, alikwenda kukitafuta. Kipo Piedmont, upande wa Mlima Viso wenye mita 3,841, si mbali na mpaka wa Ufaransa. Maisha aliyoyafuata yalikuwa yamekwisha kuondoka pale zamani. Aliokota alichoweza kuokota: makaa, kokwa za kastanya, mboga za shamba. Vitu hivyo akavirudisha nyumbani na kuvifanya mandhari ya filamu.

Hapa ndipo filamu inaponishika. Miti ya msituni ni vichwa vya brokoli. Nyumba zimekaa kwenye maboga. Ukuta unajengwa kwa vidonge vya sukari vilivyopangwa kama matofali, na mlima umetiwa weusi kwa makaa yale yale ambayo watu wa huko waliyachoma ili wauze. Mtazamaji anaona wazi kwamba ni brokoli, wala Ughetto hafanyi juhudi ya kumdanganya. Watoto wetu hawahitaji kufundishwa jambo hili. Anayetengeneza gari kwa kopo la mafuta na vifuniko vya soda hajawahi kuomba radhi kwamba si gari la kweli.

Kazi yenyewe ni ya subira mno. Kikaragosi husogezwa kidogo, picha ikapigwa, kikasogezwa tena, ikapigwa nyingine. Sekunde moja ya sinema ina picha 24, kwa hiyo dakika 70 zina picha 100,800. Hata pozi moja likipigwa mara mbili ili kuokoa muda, bado yanabaki mapozi zaidi ya elfu hamsini ya kupangwa kwa vidole. Filamu yake iliyotangulia, Jasmine, iliyohusu mapenzi yake na mwanamke wa Kiirani huko Tehran wakati wa mapinduzi, ilitoka mwaka 2013, na ile nayo aliifinyanga kwa udongo wa kuchezea. Kati ya hizo mbili imepita miaka tisa. Fedha zilichangwa kutoka Ufaransa, Italia, Ubelgiji, Uswisi na Ureno, na muziki ukatungwa na Nicola Piovani, yule aliyepata Oscar kwa muziki wa La vita è bella. Sauti ya Cesira ni ya Ariane Ascaride, mwigizaji wa Marseille ambaye naye ana damu ya wahamiaji wa Italia upande wa baba.

Kwa nini asitafute waigizaji wa kweli, akawavika nguo za zamani, akamaliza? Nadhani ni kwa sababu mwigizaji huleta uso wake, na uso huo humfukuza yule wa marehemu. Wahamiaji maskini wa zama zile waliacha picha chache, na chache hizo ni za watu waliokakamaa mbele ya mpiga picha wakiwa na nguo zao za Jumapili. Hakuna aliyewapiga picha wakila au wakigombana. Kikaragosi hakidai kuwa Cesira. Kinakaa mahali pake tu, kama kiti kinavyowekwa kwa mgeni ambaye hajafika.

Na walikula nini? Walikula ugali. Polenta ya wakulima wa kaskazini mwa Italia ni unga wa mahindi uliosongwa kwa maji ya moto, chakula ambacho mtu wa Iringa au Kitale angekikalia bila kuuliza, ingawa angeshangaa kuona hakina mboga. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida. Mahindi matupu, siku baada ya siku, hayaupi mwili niasini ya kutosha. Ngozi hubabuka, tumbo huharisha, mwisho akili huvurugika. Ugonjwa huo, pelagra, uliwatesa wakulima wa Italia ya kaskazini kwa vizazi. Msidhani ni mambo ya kale: mwaka 1990 uliwashika wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 17,000 waliokuwa Malawi, pale karanga zilipokosekana kwenye mgao na wakabaki na mahindi peke yake. Anayehama hula anachopewa.

Wenye nguvu waliondoka msimu wa baridi kwenda kutafuta vibarua Ufaransa na kurudi kulima. Watoto nao walikwenda. Kutoka mabonde ya Cuneo, kusini mwa Piedmont, watoto walivushwa milima hadi mji wa Barcelonnette upande wa Ufaransa, wakapangwa sokoni, na wafugaji wakachagua wa kuwachungia kondoo kwa msimu mzima. Mzazi alirudi na ahadi ya fedha kidogo na mdomo mmoja uliopungua mezani.

Haya tunayajua kwa sababu kuna mtu aliyeyauliza mapema. Nuto Revelli, mwenyeji wa Cuneo aliyezaliwa mwaka 1919, alikuwa ofisa wa jeshi la Italia huko Urusi, akarudi akapigana msituni dhidi ya mafashisti na Wajerumani, na vita vilipokwisha akachukua kinasa sauti na kuanza kuwatembelea wakulima nyumba kwa nyumba. Kitabu chake Il mondo dei vinti, dunia ya walioshindwa, kilitoka mwaka 1977. Ughetto amekitaja wazi kuwa ndicho kilichomjazia mashimo. Hakuwa na maneno ya Cesira, akaazima maneno ya majirani wa Cesira, ya watu waliokula kilekile, waliovuka milima ileile na kuzika watoto kwa magonjwa yaleyale.

Kuna watakaosema huo ni udanganyifu. Kwamba bibi wa kwenye filamu ni mchanganyiko wa mabibi wengi, na kwamba mjukuu amemtia mdomoni maneno ambayo hakuyasema. Sikubaliani nao. Uongo ungekuwa kumpa Cesira ushujaa usio wa watu wake, kumfanya mwanasiasa au malaika. Kumpa njaa ambayo kila mtu wa bonde lake aliijua si kumsingizia. Msimuliaji wetu anayeanza na "hapo zamani" hajawahi kuulizwa hati.

Pwani yetu inayo kazi inayofanana na ya Revelli, na inasikitisha jinsi isivyosomwa. Katika miaka ya 1970, Sarah Mirza na Margaret Strobel walirekodi maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, kwa maneno yao wenyewe. Kitabu kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989, kisha kwa Kiswahili mwaka 1991 kwa jina Wanawake Watatu wa Kiswahili. Mmoja wao, Mishi, alitoka katika kizazi cha watumwa. Yaani mle ndani kuna kumbukumbu ya kuhamishwa ambayo haikuwa na tiketi, pasipoti wala ahadi ya ujira. Sijaona kijana wa Mombasa aliyeichukua akaipa vikaragosi.

Turudi kwa Luigi na ndugu zake. Kati ya mwaka 1876 na 1915, Waitaliano wapatao milioni 14 waliondoka nchini kwao. Wengine walivuka bahari kwenda Marekani, Brazil na Argentina. Wa Piedmont wengi walivuka mlima tu. Ndio waliochimba mahandaki, wakachonga barabara, wakajenga mabwawa. Handaki la Simplon, linalounganisha Uswisi na Italia kwa karibu kilomita 20 chini ya Alps, lilifunguliwa mwaka 1906, na wengi mno wa waliolichimba walikuwa Waitaliano. Miamba ilitoa joto, maji yalibubujika, baruti ilifanya kazi yake kwa mawe na kwa watu.

Shukrani hazikuwepo. Agosti 1893, huko Aigues-Mortes kusini mwa Ufaransa, vibarua wa Kiitaliano katika mashamba ya chumvi walivamiwa na Wafaransa waliodai wanaporwa kazi na kushushiwa ujira. Taarifa rasmi ilikiri vifo vya watu wanane. Waliofikishwa mahakamani waliachiwa wote. Mwaka uliofuata Mwitaliano mmoja, Caserio, alimchoma kisu Rais Sadi Carnot mjini Lyon, na kosa la mmoja likawa kosa la taifa: maduka ya Waitaliano yakavunjwa na kuporwa. Madai yale yale, kwamba wageni wanashusha mishahara, wanazaa sana, ni wachafu na wana visu, yamesafiri hadi leo bila hata kubadilisha nguo.

Katika filamu, familia inapokutana na lile tangazo la mlangoni, mtoto anataka kujua sababu. Baba yake anamweleza, kwa utulivu kabisa, kwamba wenye mahali pale wanaogopa mbwa wasije wakawauma Waitaliano. Ni mzaha wa mtu asiye na uwezo wa kuvunja mlango. Wazee wetu waliofanya kazi katika hoteli za Nairobi ya mkoloni, ambako Mwafrika aliingia kwa kupitia jikoni, walikuwa na hazina ya mizaha ya namna hiyo, na nyingi wamekwenda nayo kaburini.

Hata hivyo nisije nikawaonea huruma kupita kiasi. Mwaka 1911 Italia ilivamia Libya, na vijana wa vijiji hivyohivyo vya njaa walipewa bunduki na kupelekwa kuteka ardhi ya Waafrika. Filamu inaigusa vita hiyo, ikiwa mzigo mwingine ulioiangukia familia, na kwa familia hiyo ni kweli ulikuwa mzigo. Walibya hawapati kikaragosi cha kusema upande wao. Baadaye akaja Mussolini na mashati meusi, na mwaka 1935 ikawa zamu ya Ethiopia. Mwisho wa safari hiyo uko kwetu: Waitaliano waliotekwa na Waingereza katika vita ya Afrika Mashariki waliletwa Kenya kama wafungwa, na kanisa dogo lililo kando ya barabara inayoteremka bonde kuelekea Mai Mahiu walilijenga wao, mwaka 1942. Madereva wa malori hulipita kila siku. Mkulima maskini wa Ulaya, kibarua Ufaransa, mvamizi Afrika, mfungwa Kenya, na mwishowe mwekezaji Malindi: historia moja ya taifa inaweza kuvaa nguo zote hizo kwa miaka isiyofika mia.

Lawama yangu kubwa kwa filamu hii, hata hivyo, ni juu ya Cesira mwenyewe. Bibi amepewa sauti, lakini hadithi amepewa babu. Anasimulia Luigi alivyokwenda, Luigi alivyochimba, Luigi alivyojenga, Luigi alivyorudi. Yeye mara nyingi yuko pembeni ya kazi za nyumba, akieleza habari za mtu mwingine. Ni mazoea ya mabibi wengi, nakubali. Muulize bibi yeyote habari zake, atakuanzia na mumewe. Ila ndiyo sababu ya kumuuliza mara ya pili. Kujifungua ugenini kulikuwaje? Alijifunzaje lugha ya sokoni? Mume akiwa handakini kwa miezi, nani alikuwa anakopa unga, na kwa nani? Revelli aliliona pengo hilo katika kitabu chake mwenyewe, akarudi vijijini kuwarekodi wanawake peke yao, na mwaka 1985 akatoa L'anello forte, maana yake kiungo imara cha mnyororo. Vitabu vyote viwili vilikuwepo kabla Ughetto hajaanza. Filamu ya Cesira kama Cesira bado haijatengenezwa.

Kinachonifanya niitetee pamoja na hayo ni njia za milimani. Tangu katikati ya muongo uliopita, mapito ya Alps kati ya Italia na Ufaransa, kuanzia bonde la Roya hadi Montgenèvre, yamejaa tena watu wanaovuka usiku kwa miguu, wakielekea kulekule alikoelekea Luigi. Safari hii wanatoka Guinea, Ivory Coast, Mali, Sudan. Baadhi yao walikatwa vidole vya miguu kwa baridi, na wapo waliokufa. Wenyeji waliowapa chai na malazi walishtakiwa, mpaka Julai 2018 Baraza la Katiba la Ufaransa liliposema kwamba udugu, lile neno la tatu katika kaulimbiu ya nchi hiyo, ni kanuni ya kisheria, na kwamba mtu ana uhuru wa kumsaidia mwenzake kwa utu bila kuulizwa karatasi zake. Filamu haiwataji wasafiri hawa hata mara moja. Haikuhitaji kuwataja. Mtazamaji wa Ufaransa anayemlilia Cesira anajua nani anatembea kwenye theluji hiyo usiku wa leo.

Afrika Mashariki ina watu wa kuifanya kazi ya namna hii. Ng'endo Mukii wa Kenya alikwisha kuonyesha, kuanzia Yellow Fever ya mwaka 2012 hadi This Migrant Business kuhusu biashara ya kuwasafirisha wahamaji wa Pembe ya Afrika, kwamba katuni inaweza kubeba habari nzito bila kukwama. Ubongo ya Dar es Salaam imekuwa ikitengeneza katuni za Kiswahili tangu mwaka 2014. Mafundi wapo. Hadithi ndiyo usiseme: mabibi waliofika Zanzibar kutoka Ngazija, waliotoka Kigoma wakafuata reli, waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, waliotoroka Burundi mwaka huohuo na mtoto mgongoni wakaishia Katumba na Mishamo.

Ombi langu kwa taasisi za utamaduni za Ufaransa na Italia zilizopo Nairobi na Dar es Salaam ni dogo. Filamu hii msiionyeshe tu ndani ya kumbi zenu kwa watu walewale wanaokuja kunywa divai. Ipelekeni Malindi, kwenye banda la video, ionekane na vijana wanaojua Mwitaliano mmoja tu, yule wa sasa. Msihangaike na maandishi ya chini ya picha. Tunao utamaduni wetu wa kutafsiri filamu kwa mdomo, uliojengwa na marehemu Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya, mtu mmoja na kipaza sauti akibeba wahusika wote. Mtafuteni msimulizi wa hivyo, mlipeni vizuri, na kwa kuwa anayesimulia ni bibi, awe mwanamke mwenye umri wake.